Faini ya Harufu

Nyumba ya Goba tuliipata kwa dalali, kama watu wengi wa Dar wanavyopata nyumba. Mume wangu alikuwa amehamishiwa Mtwara kikazi, anakuja mara moja kwa mwezi na mwezi mwingine haji kabisa, kwa hiyo kuangalia nyumba nilikwenda peke yangu. Zilikuwa nyumba nne zilizojengwa kwa mstari kwenye mteremko, kila moja na vyumba viwili, sebule, jiko na choo cha ndani. Mimi nilipewa namba tatu. Juu ya mteremko, ndani ya uzio uleule, alikaa mwenye nyumba mwenyewe.

Alikuwa mama wa makamo, mjane, wa ukoo wa Kiarabu uliouza vitambaa Kariakoo tangu enzi za babu zake. Siku ya kwanza alinipokea barazani kwake kwa kaimati na kahawa ya tangawizi, na kabla sijamaliza kikombe akanitembeza namba tatu, akifungua bomba moja baada ya jingine na kulifuta maji kwa ncha ya mtandio.

"Mie sina maneno na mtu," aliniambia. "Nipe kodi yangu kwa wakati, nitunzie nyumba yangu. Nyumba ni usafi, mwanangu. Basi."

Nilimpenda. Nimelelewa Singida na mama aliyeuza mafuta ya alizeti sokoni, na ndoo zake zilikuwa zinang'aa kuliko za wenzake wote. Kwetu ua ulifagiliwa kabla mtu hajanawa uso. Niliona nimepata mwenye nyumba wa kufanana na sisi. Mkataba ulikuwa wa kurasa mbili, ule unaouzwa stationery ukiwa na mapengo ya kujaza. Niliupitia harakaharaka, nikasaini juu ya meza ya kahawa. Kuhusu usafi palikuwa na mstari mmoja tu: mpangaji atatunza usafi wa nyumba na mazingira yake.

Namba moja walikaa mtu na mkewe, vijana, na mtoto wao mchanga. Namba mbili alikaa mwalimu wa sekondari kutoka Bukoba, hajaoa, anayeamka asubuhi akiimba kwaya. Namba nne alikuwa dereva wa malori ya Zambia ambaye tulimjua zaidi kwa viatu vyake mlangoni kuliko kwa sura.

Mwaka wa kwanza ulipita bila neno. Halafu, kwenye mvua za masika, chemba ya maji machafu ikaziba. Maji yakarudi bafuni kwa kila mtu, na namba moja yakafika hadi sebuleni. Mafundi waliokuja kuzibua walivuta pampasi, vitambaa na kitu kilichofanana na soksi. Mama mwenye nyumba alisimama pale muda wote, mtandio puani, akihesabu kwa macho kila kilichotoka. Jioni akatuita barazani kwake.

"Siulizi ni nani," alisema. "Ila kuanzia Jumamosi hii nitakuwa napita kukagua. Nyumba kwa nyumba. Nitakapokuta uchafu, faini."

Mwalimu akauliza, "Uchafu wa aina gani, mama?"

"Uchafu hauna aina, mwalimu. Uchafu ni uchafu."

Tulicheka. Hakuna aliyeuliza zaidi. Wote tulikuwa bado tunasikia ile harufu ya bafuni puani mwetu, na mwenye nyumba alikuwa ametoa hela yake kuwalipa mafundi. Tuliona ana haki ya kukasirika. Na mtu akiwa na haki ya kukasirika, ni rahisi kuona kwamba ana haki ya kila kitu.

Basi Jumamosi akawa anashuka baada ya chai, amevaa baibui lake, shada la funguo mkononi. Ukiwepo, atakusalimu vizuri, atakuuliza habari za kazi, huku anainua mfuniko wa ndoo ya taka. Usipokuwepo atafungua mwenyewe. Alipitisha kidole juu ya mapanga ya feni. Alichungulia nyuma ya choo. Alifungua friji. Kabla ya adhuhuri matokeo yalikuwa kwenye kundi la wapangaji la WhatsApp, nyumba moja baada ya nyingine, kama mwalimu mkuu anavyosoma majina mstarini. Faini ililipwa kwa simu, na ukichelewa inaongezwa kwenye kodi.

Mwalimu ndiye aliyepigwa zaidi. Mara ya kwanza ilikuwa kwa sababu ya sufuria yenye maharage sinkini.

"Mama, yale nilikuwa nimeloweka!" aliandika kwenye kundi.

Alijibiwa kwa picha ya ufagio.

Mke wa namba moja alitozwa kwa nguo za mtoto zilizolala kwenye beseni, na tena kwa alama za mikono ukutani. Akawa kila Ijumaa jioni anafua na kusugua mpaka mtoto analia hana wa kumbeba. Mimi nilikuwa naandikwa "Namba tatu, mashallah," na nisiseme uongo, nilikuwa naufurahia huo mstari. Nilipoona majirani wanalalamika nilidhani ni wavivu kidogo.

Kisha mama yangu akapata kiharusi.

Alianguka sokoni Singida, kwenye meza yake ya mafuta. Upande wa kulia ukafa, mkono na mguu, na ulimi ukawa mzito. Hospitali ya kule walifanya walichoweza, wakatuambia anahitaji mazoezi ya viungo kwa muda mrefu, na mazoezi hayo yangepatikana vizuri Dar. Nikamleta kwangu. Alikuja na mdogo wake, mama yangu mdogo, mwanamke mfupi mwenye maneno makali na mikono isiyochoka, ambaye aliacha shamba lake la vitunguu kwa wanawe ili aje kumuuguza dada yake. Mimi nilikuwa karani kwenye ofisi ya mizigo ya mabasi Mbezi, siwezi kukaa nyumbani. Bila yeye sijui ningefanyaje.

Nilimweleza mwenye nyumba kabla hawajafika. Aliniambia, "Mgonjwa ni baraka ndani ya nyumba," na wiki ile ya kwanza aliteremka na bakuli la supu ya kuku iliyofunikwa kwa kitambaa cheupe. Jumamosi mbili za mwanzo alifika mlangoni, akauliza hali ya mgonjwa, akaenda zake. Nilijua ameamua kutuacha.

Lakini nyumba yenye mgonjwa wa kitandani haiwezi kuwa ile ya zamani. Kulikuwa na ndoo chini ya kitanda. Kulikuwa na mashuka ya kufua kila siku, na mvua za Goba haziyaachi mashuka yakauke. Tuliyatandika sebuleni juu ya viti. Mama mdogo alikuwa anapiga deki asubuhi na jioni, anachoma udi, anafungua madirisha, na bado ukiingia kutoka nje unajua kuna mgonjwa humu. Sikuona aibu. Niliona ndivyo ilivyo.

Jumamosi ya tatu nilikuwa kazini, tunafungaga saa nane. Mama mdogo alikuwa anamuogesha mama kitandani, juu ya karatasi ya plastiki, kama tulivyofundishwa hospitali. Gesi ilikuwa imeisha, maji yakawa yanachemshwa kwenye jiko la mkaa uani. Maji ya moto yakapungua. Akamfunika dada yake kanga, akatoka kwa mlango wa jikoni kwenda kuongeza. Mlango wa mbele aliuacha umefungwa kwa ufunguo.

Mwenye nyumba akaufungua kwa ufunguo wake. Akapita sebuleni, akaingia chumbani.

Kanga ilikuwa imeteleza. Mama aliona mtu mlangoni akataka kuivuta, lakini ilikuwa imeangukia upande wa kulia, upande wa mkono usiofanya kazi. Akabaki hivyo. Mama mdogo aliporudi na beseni alimkuta mwenye nyumba ameinama, mtandio puani, anaangalia ndoo chini ya kitanda.

"Unatafuta nini humu?" mama mdogo alimuuliza.

"Napita ukaguzi. Hii harufu itaingia ukutani, dada yangu. Haitoki tena."

"Toka."

"Hii ni nyumba yangu."

"Nimekwambia toka. Mtu yuko uchi."

Akatoka. Haya yote nilihadithiwa baadaye. Mimi nilijua kwa njia nyingine. Nilikuwa kaunta, nagonga muhuri kwenye risiti ya mzigo wa mteja, simu ikatetemeka kando ya mkono wangu. Nikasoma: *Namba tatu. Harufu ya mkojo chumbani. Ndoo ya haja haijamwagwa. Maji sakafuni. Faini.*

Nilisoma mara mbili. Mteja akaniambia, "Dada, risiti yangu." Nikampa. Kwenye kundi dereva wa malori, ambaye hajawahi kuandika neno tangu nimjue, aliweka uso wa huzuni. Mwalimu akaandika "Mama jamani," akaufuta ujumbe. Nilitamani ardhi ipasuke. Haikuwa hasira bado. Ilikuwa aibu, na aibu ile haikuwa yangu, ilikuwa ya mama, majirani wote wakijua kilichoko chini ya kitanda chake. Hasira ilikuja mama mdogo alipopiga simu na kunieleza habari ya kanga.

Nilimkuta mama amegeukia ukutani. Alikuwa ameshaogeshwa, amevishwa gauni lake la maua ambalo huvaa kanisani, mama mdogo alimchagulia makusudi. Nikakaa ukingoni mwa kitanda. Akaanza kutafuta maneno, silabi moja baada ya nyingine, kama mtu anayeokota mchele sakafuni.

"Haku... piga... hodi."

"Ndiyo, mama."

"Mimi... si ng'ombe."

Nikapanda juu.

Mwenye nyumba alikuwa barazani anachambua mbaazi. Nilimwamkia, akaitikia. Alinionyesha kiti, sikukaa.

"Mama, nimeona ulichoandika."

"Nimeandika nilichokiona, mwanangu. Sikukuonea. Mwenyewe unajua sijawahi kukuandika vibaya."

"Umemkuta mama yangu uchi."

Mikono yake ikasimama kwenye mbaazi. "Hilo sikulikusudia, wallahi. Lakini na wewe ungeniambia kwamba muda ule anaogeshwa."

"Nitajuaje muda unaokuja? Huwa husemi. Hupigi hodi."

"Nipige hodi kwenye nyumba yangu?"

"Nyumba ni yako. Wanaokaa ndani ni watu."

Alinitazama kwa namna ambayo hajawahi kunitazama. Nadhani hakuna mpangaji aliyewahi kumjibu akiwa amesimama. Akasema nyumba ameijenga kwa jasho la marehemu mumewe, na kama nashindwa taratibu zake, mwisho wa mwezi nitafute pengine.

"Faini silipi," nikamwambia, nikashuka.

Mwalimu alikuwa amesimama nje ya mlango wake, nadhani alikuwa ananisubiri. "Sista, badilisha kitasa," alinishauri. "Mie nina fundi, anakuja leoleo. Akija na funguo zake aone."

Nilimpigia mume wangu. Alisikiliza mpaka mwisho, na kwa jinsi alivyokuwa anapumua nilijua amekasirika kuliko mimi. Lakini alisema, "Usibadilishe kitasa. Kitasa ni cha kwake, ukikigusa umempa kesi bure. Nenda serikali ya mtaa. Beba mkataba."

Kwa muda tuliweka kiti nyuma ya mlango. Mama mdogo alikiongezea gunia la mkaa.

Mwenyekiti wa mtaa wetu alikuwa mwanamama mwenye duka la vifaa vya shule, na ofisi ya mtaa ilikuwa chumba kimoja chenye meza, benchi na bendera. Nilimsimulia. Hakuandika kitu, alisikiliza tu, na nilipofika kwenye kanga akavua miwani. Akampigia mwenye nyumba hapohapo mbele yangu, kwa adabu, akamuomba afike Jumatano. Nilidhani hatakuja.

Alikuja. Alivaa baibui jipya, na mkoba mikononi. Mimi nilikuja na mwalimu, ambaye aliomba ruhusa shuleni ili awe shahidi. Tulikaa benchi moja sote watatu kwa sababu lilikuwa hilo tu, mwalimu katikati.

Mwenyekiti alisoma mkataba kwa sauti, kurasa zote mbili. Alipomaliza akauliza, "Faini iko wapi humu?"

"Usafi umo," mwenye nyumba akasema.

"Usafi umo, mama. Faini haimo."

"Sasa mie nitawafanyaje watu wakiniharibia? Nikae nawaangalia?"

Na hapo akafungua mkoba. Alitoa simu, akamwonyesha mwenyekiti picha, kisha bila kuombwa akatuonyesha na sisi. Ilikuwa nyumba ya Temeke, ya marehemu mumewe. Vigae vimepasuliwa, dari imeanguka upande, choo kimejazwa vitu ambavyo sitaki kuvieleza, nyaya za umeme zimeng'olewa ukutani. Wapangaji walikaa miaka, alisema, na kila alipotaka kwenda kuangalia mumewe alimwambia awaache watu, ndiyo haki yao. Mumewe akaugua, akafa, na yeye alipofungua mlango ule akiwa ametoka eda juzi tu, alikuta hayo.

"Tuliiuza kama kiwanja," alisema. "Nyumba nzima, ikaenda kwa bei ya udongo. Nikaapa hizi za Goba sitazifumbia macho."

Mwalimu, ambaye alikuja na hasira zake zote za maharage, alikuwa anaangalia vidole vyake.

"Pole sana," mwenyekiti akasema. Akavaa miwani. "Mimi sikukatazi kukagua. Sheria inakupa haki ya kuingia kuangalia hali ya nyumba yako, kwa wakati unaofaa. Lakini sheria hiyohiyo inampa aliyepanga haki ya kukaa kwa utulivu bila kusumbuliwa. Akishalipa kodi, ule mlango ni wake mpaka mkataba uishe. Ukitaka kukagua, mpe taarifa. Njoo mchana, yeye mwenyewe awepo au aliyemwachia. Kama kuna kilichovunjika, kiandike, mwonyeshe, mdai gharama ya kukitengeneza. Mtu akiziba chemba, huyo mdai. Lakini sufuria ya maharage si uharibifu. Na mgonjwa si uharibifu. Faini hutozwa na mwenye mamlaka ya kutoza. Mimi na wewe hatuna."

"Na kuambiwa nihame mwisho wa mwezi?" nikauliza.

"Mkataba wako bado?"

"Bado miezi mitatu."

"Basi hahami mtu. Ukiisha, mkae mzungumze kama watu wazima. Mkishindwana hapa nitawaandikia mwende baraza la ardhi, mkapoteze siku zenu huko. Mimi nisingependa."

Kuhusu faini ambazo watu walikwisha kulipa, walivutana kidogo. Mwenye nyumba alisema zilikwenda kwa mafundi wa chemba. Mwenyekiti akasema gharama ya chemba ni jambo la kuzungumza, ila si kwa kulipia feni yenye vumbi. Mwishowe mwenye nyumba akakubali zikatwe kwenye kodi zinazokuja. Aliitikia kwa kichwa tu, bila kumwangalia mtu.

Tulipotoka mvua ilikuwa inamwagika. Bajaji ilikuwa moja tu pale nje. Mwalimu akajibana mbele na dereva, mimi na mwenye nyumba tukakaa nyuma, mkoba wake kati yetu. Karibu na nyumbani akauliza, macho yake nje, "Mama yako anakula nini?"

"Uji. Na ndizi za kuponda."

"Mtilie samli kidogo. Inalainisha koo."

Akatulipia nauli wote.

Ijumaa aliandika kwenye kundi. Nakumbuka karibu maneno yenyewe: kwamba alikosea kuandika habari za namba tatu, mama mgonjwa amwie radhi, na kwamba faini hakuna tena. Mwalimu akaweka mikono ya kushukuru. Mke wa namba moja akaweka mitatu. Nilimsomea mama. Aliniomba nimsomee tena.

Wiki iliyofuata mwenye nyumba alinitumia ujumbe: angependa kuja kumjulia hali mgonjwa Jumapili jioni, kama inafaa. Nikamjibu inafaa. Tulikuwa chumbani, mimi, mama na mama mdogo, tuliposikia mlangoni, "Hodi."

Nilitaka kuitikia, mama akaninyooshea mkono wa kushoto ninyamaze. Mama mdogo akatabasamu, akaangalia dari.

"Hodi," mara ya pili.

Kimya. Uungwana wa pwani unasema ukipiga hodi tatu usipojibiwa, unarudi ulikotoka, na mama alilijua hilo vizuri kabisa. Nilisikia viatu vikisogea kwenye saruji.

"Hodi, jamani." Ya tatu, ya chini.

Mama akavuta pumzi. "Ka... ribu."

Aliingia na bakuli lake lenye kitambaa cheupe. Alimwamkia mama, ingawa nadhani hawakupishana sana umri. Alikaa kwenye kigoda, si kwenye kiti, akamwomba radhi kwa mdomo wake. Kisha, mikono mapajani, akasema alimuuguza mumewe mwaka mzima kwenye nyumba ya juu, na harufu ile ya chumba cha mgonjwa ndiyo iliyomchanganya siku ile. Alipoisikia, alisema, alitaka itoke, kwa njia yoyote.

Mama alimsikiliza mpaka mwisho. Akamshika mkono. Mimi nilitokwa na machozi. Mama mdogo hakutokwa na chochote; mgeni alipoondoka alisema, "Hayo yote angeyasema kabla hajaandika kwenye simu," akachukua bakuli akaenda kuonja.

Miezi mitatu iliyobaki tulikaa kwa amani, amani ya watu wanaopima maneno. Alikuja kukagua mara mbili, kwa taarifa. Aliangalia mabomba na vitasa, alinionyesha ufa mmoja wa bafuni tukakubaliana si yangu. Hakufungua friji. Mara moja nilimwona macho yake yanakwenda kwenye feni, akayarudisha.

Mkataba ulipokaribia kuisha alituletea mpya, aliuandikisha kwa mwanasheria. Ulikuwa wa kurasa tano. Safari hii niliusoma wote, nikiwa nimekaa, na kalamu mkononi. Ukaguzi ungekuwa mara moja kwa miezi mitatu, kwa taarifa ya siku kadhaa, mpangaji akiwepo. Kulikuwa na amana ya kulipia uharibifu, inayorudishwa mtu akihama. Funguo za akiba zingetumika kwa dharura tu, na dharura ilielezwa: moto, maji, hatari kwa maisha. Sikuona cha kupinga. Mwalimu alisaini siku hiyohiyo. Kodi ilikuwa imepanda, lakini kila mahali Goba ilikuwa imepanda.

Sie hatukusaini. Watu hudhani tuliondoka kwa ugomvi, na mke wa namba moja aliniuliza waziwazi. Ukweli ni kwamba mama alikuwa ameanza kusimama kwa mkongojo, na nyumba ya mteremkoni haimfai mtu anayejifunza kutembea. Hatua nne nje ya mlango, ardhi inamkimbia. Mwalimu wake wa mazoezi alisema tutafute tambarare.

Tulipata Kibamba, nyumba nzima ndogo, ua wa mchanga, sawa kama meza. Mwenye nyumba anaishi Mwanza. Tulizungumza naye kwa simu, nikamuomba aongeze mstari wa taarifa kabla ya kuingia, akacheka: "Dada, mie hata njia ya kufika huko nimeisahau." Aliuongeza.

Hajaja hata mara moja. Bati la jikoni linavuja tangu mvua za vuli. Nikimpigia ananiambia nipige picha nimtumie. Nimempigia picha za bati, za dari iliyofanya ukungu, za maji sakafuni. Ananijibu "Nimeona, poleni." Juzi nimemwandikia kwamba ukarabati wa paa ni wajibu wake na mkataba unasema hivyo ukurasa wa pili, nikampa muda, na kwamba akishindwa nitalitengeneza na kukata kwenye kodi. Hajajibu bado. Fundi keshakuja kupima.

Mama mdogo amerudi Singida kwenye vitunguu vyake. Mama yuko nami. Mwenye nyumba wa Goba humtumia salamu za sauti, ndefu, na mama humjibu kwa maneno mawili matatu yaliyonyooka. Mvua ikianza kugonga bati, mimi nikiwa sebuleni, nasikia mkongojo wake unakwenda jikoni. Anasukuma beseni kwa mguu wa kushoto mpaka linakaa chini ya tundu, anasimama kuangalia tone la kwanza na la pili yanavyoingia, halafu ananiita nije nipige picha nyingine.